Kanyaga, Mama

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Mwanangu Chiriku alitoka mbio kuipokea, bibi yake akamrudisha ndani kwa kelele. Mimi nilikuwa dirishani. Nilitazama maji yakiteremka juu ya gari la mke wangu na kukusanyika chini ya magurudumu, nikakumbuka kwamba halijawashwa tangu alipolazwa.

Wakati wa chakula mama mkwe aliweka kijiko chini. Alikuja kwa ajili ya mazishi ya mke wangu na hajaondoka. Analala chumba kimoja na Chiriku, na nguo zake anazikunja juu ya begi kila asubuhi kama mtu aliyeko stendi. Akizungumza nami hanitazami. Zamani maneno yake kwangu yalipitia kwa mke wangu. Siku hizi yanapitia kwenye bakuli.

"Shule zikifungwa," aliliambia bakuli, "utatupeleka nyumbani. Mimi na mtoto. Atasoma kule. Hapa wewe unashinda kazini, nani atamtazama? Na basi mimi siliwezi, miguu inavimba. Kwa hiyo hilo gari litengenezwe."

"Sawa, Mama," nikasema.

Chiriku alikuwa anasimulia habari za mwalimu wao aliyekalia chaki. Sidhani kama alisikia.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimenyoa watu, watu wamezungumza.

Jumatano, 12 Machi

Betri imechajiwa, injini imewaka. Nimeweka gia, gari likainua pua kidogo, likagoma. Nimejaribu kurudi nyuma, likagoma vilevile. Magurudumu ya mbele yameshikwa.

Mwenzangu wa kiti cha pili pale saluni anasema nimwite fundi. Nimemwambia nitalifanya mwenyewe, nyumbani. Akaniuliza kwa nini nijitese. Fundi angemaliza kwa siku moja, labda ndiyo sababu. Au labda nataka kitu cha kufanya kwa mikono ambacho hakizungumzi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefungua gurudumu la kushoto. Ndani kuna diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na juu yake imekaa kalipa, dude zito lenye umbo la ngumi, kazi yake kuibana hiyo diski gari lisimame. Kalipa hii imebana na haijaachia. Imevimba kutu. Kutu nyingine inabanduka magamba magamba, nyingine ni unga mwekundu ulioniingia kwenye kucha. Zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake zimegandiana na vishimo vyake. Nimemwagia mafuta, nimegonga, nimesubiri, nimegonga tena. Pini moja imetoka jioni.

Chiriku alikuwa dirishani muda wote akiuliza maswali. Kwa nini chuma kinaota kutu? Kutu inauma? Gari likiwa gonjwa linapelekwa wapi? Nilikuwa naitikia "mm". Anajua kuuliza na kujijibu mwenyewe, kwa hiyo mambo yalikwenda.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepitia dukani kwa Mama Spea, nimempelekea picha ya kalipa kwenye simu. Amekaa nyuma ya kaunta akiwa amezungukwa na mabomba ya moshi, na anamtania kila anayeingia.

"Hii umeifukua kaburini?" akasema, kisha akajishika mdomo. Habari za mke wangu anazijua. "Ee, nisamehe ndugu yangu. Mdomo wangu nao hauna breki."

"Hamna neno," nikasema.

Na kweli halikuwepo. Nilingoja liniume, nikatoka dukani bado nangoja.

Ameniambia pistoni ndiyo itakayoamua. Hiyo ni kipande cha duara kama kikombe, kimekaa ndani ya kalipa, na mafuta ya breki hukisukuma nje ukikanyaga pedeli. "Ikitoka, kalipa inatengenezeka. Isipotoka, rudi unipe biashara. Usiikung'ute na nyundo. Iache kalipa kwenye mpira wake unaoleta mafuta, mtu akae kwenye kiti cha dereva akanyage pole pole, itasukumwa yenyewe. Lakini mtu mzima, sawa? Na vidole vyako viwe mbali."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimesikia mama mkwe akiongea na dada yake kwenye simu, jikoni. Mimi nilikuwa kibarazani napiga msasa ile pini.

"Mtu gani yule," alikuwa anasema. "Gogo. Siku ya mazishi hakutoa chozi, alikuwa anapanga viti. Mwanangu yuko ndani ya jeneza na mumewe anapanga viti."

Ni kweli, nilipanga viti. Vilikuwa havitoshi.

Nikaendelea na msasa. Pini sasa inang'aa.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna.

Jumanne, 25 Machi

Mteja mmoja amesinzia kwenye kiti nikimnyoa ndevu. Mwenzangu kacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisimama na wembe nikamngoja aamke. Nilikuwa na nafasi.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika usiku, wote wamelala, tope bado liko kwenye kucha.

Mvua ilikatika mchana. Nikainua gari kwa jeki na kufungua tena gurudumu la kushoto. Uwanja ulikuwa umelowa, udongo umekuwa kama uji mzito, na jeki niliisimamisha juu ya udongo huohuo, bila ubao, bila tofali. Nilijua haifai. Mama Spea hakuhitaji kuniambia, mtu yeyote angejua. Lakini siku hizi nikijua jambo haliniamshi.

Nilikuwa nimechuchumaa, kichwa kiko ndani ya tao la gurudumu, nikiitazama pistoni na kuwaza nani atanikanyagia pedeli. Chiriku alisema kitu. Anasema vitu siku nzima. Nikaitikia "mm".

Baadaye aliniambia alichosema: "Baba, niingie nikukanyagie?"

Nikasikia mlango wa dereva ukifungwa. Nikasikia kiti kikilia. Gari likatikisika mara moja, taratibu, na jeki ikalala. Haikuruka, haikupasuka. Ililala tu ndani ya udongo kama mtu aliyechoka, na gari zima likaja chini. Sijui nilitoaje kichwa. Nilijikuta nimekaa kwenye tope, na mahali nilipokuwa nimechuchumaa diski ilikuwa imezama ardhini.

Ndani kukawa kimya. Chiriku kuwa kimya!

Mama mkwe alifika kabla yangu. Mwanamke wa miguu inayovimba, alipita uwanjani kama risasi, akafungua mlango, akamtoa mtoto. Chiriku alikuwa amegonga paji la uso kwenye usukani. Nundu, basi. Hakuna damu. Akatutazama wote wawili, akaanza kulia kwa sauti ambayo nadhani watu wa barabara ya pili waliisikia.

Mama mkwe alimpapasa kichwa, mabega, mikono. Alipoona yuko mzima akamweka chini, akanigeukia, akanipiga kofi.

Mkwe hapigwi kofi na mama mkwe wake. Hata kushikana mikono tulikuwa hatujawahi vizuri. Tulisimama tukitazamana, nadhani mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na macho yake ni yale yale ya mke wangu, sikuwahi kujua.

"Mmoja ameondoka," akasema. "Huyu hutamwua mbele yangu."

"Samahani, Mama."

"Kesho tunapanda basi. Acha miguu ivimbe, ikipasuka ipasuke. Kesho!"

"Sawa, Mama."

"Sawa! Sawa! Kila kitu sawa! Nikikuambia nimemchukua mtoto wako, sawa. Nikikuambia nimeichoma nyumba, sawa. Huna neno jingine wewe?"

Nilitafuta. Nilitafuta kweli. Nilikuwa na tope mdomoni, shavu linawaka, na nikafikiri: linawaka. Ni kitu cha kwanza kuhisi tangu hospitali.

Chiriku ndiye aliyesema. "Bibi, usimpige Baba, nilisema nikanyage, akasema mm."

Ikawa mbaya zaidi.

Jumapili, 30 Machi

Basi halikuondoka. Mvua imekata barabara bondeni, daraja limezama, wamesema watu wasubiri mpaka watangaziwe. Mama mkwe amerudi kutoka stendi na mabegi yote, kalowa chapachapa. Chiriku nyuma yake amebeba mwavuli uliofungwa.

Nilichukua mabegi, nikayaweka chumbani.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Nundu ya Chiriku imegeuka rangi ya biringanya. Shuleni kaisimulia vizuri, inaonekana, kwa sababu mwalimu amenipigia simu kuuliza kama ni kweli tulipigana na gari.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimetoka nje asubuhi, nimekuta mbao. Mbao mbili nene na matofali, zimepangwa kando ya gari. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, kajifunga khanga kiunoni, kavaa viatu vyangu vya mvua.

"Barabara itafunguka siku moja," akaliambia gari. "Ikifunguka, nitapanda hili. Na mimi sipandi gari ambalo sijaliona likitengenezwa. Mtoto yuko ndani anachora na hatoki. Haya, nionyeshe."

Tuliinua gari kwa jeki juu ya ubao, tukapanga matofali chini ya chasisi, upande huu na upande huu. Alilisukuma kwa mikono yote miwili kuona kama litatikisika. Akalisukuma tena.

Kisha ikaja kazi ya pedeli. Akaingia kwenye kiti cha dereva. Hajawahi kukikalia maishani, alikaa akiwa ameshika mkoba wake mapajani.

"Mama, naomba ukanyage pedeli ya katikati. Taratibu."

"Hivi?"

"Zaidi kidogo, Mama, tafadhali."

"Hivi?"

"Naomba Mama uachie. Sasa naomba Mama ukanyage tena."

"Wewe mtoto!" akapiga kelele ndani. "Ukiendelea kuniomba hivyo tutafika Krismasi. Sema kanyaga!"

Nikainua sauti: "Kanyaga, Mama."

Akakanyaga. Chuma kikalia, mlio kama wa mlango wa zamani, na pistoni ikasogea. Upana wa ukucha tu. "Kanyaga!" Ikasogea. "Achia! Kanyaga!" Ikatoka, ikaanguka kwenye tambara pamoja na mafuta meusi kama kahawa.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka, Mama."

Alishuka kuja kuitazama. Aliinama muda mrefu juu ya kile kikombe cha chuma. "Kitu kidogo hivi," akasema, "ndicho kinazuia gari zima?"

Jumapili, 6 Aprili

Upande wa kulia pia. Hiyo ilitoka kwa shida zaidi, na mama mkwe alitukana. Sijawahi kumsikia akitukana. Matusi yenyewe ni ya kizamani sana, mengine sikuyaelewa.

Jumatano, 9 Aprili

Kalipa mbili zimelala kwenye beseni la siki, kutu ilainike. Beseni ni la mama mkwe, la kufulia, alilokuja nalo kutoka kwake. Niliogopa kuomba, nikalichukua. Amelikuta.

"Nguo zangu sasa zitanuka achari," akasema. Halafu akatia kidole, akasugua, akaona chuma kikitokea chini. Alivuta kigoda akakaa na mswaki wa zamani. Tulisugua pamoja mpaka chakula kikaungua. Chiriku akaja kutuambia kinaungua, na kwamba alikuwa amekuja kutuambia mapema pia lakini hakuna aliyemsikiliza.

Alhamisi, 10 Aprili

Pistoni ya kushoto ni nzima, inataka kung'arishwa tu. Ya kulia ina vidonda, kutu imeila ubavuni. Mama Spea amesema hiyo usiibembeleze, itavujisha mafuta, siku moja ukikanyaga utakuta hakuna kitu. Nimechukua mpya, na raba mpya za pande zote mbili.

"Nani anakusaidia?" akauliza.

"Mama mkwe."

Aliweka kalamu chini. "Rudia."

Jumamosi, 12 Aprili

Shule imefungwa. Mvua imepungua. Stendini wanasema barabara itafunguliwa wiki ijayo.

Tumefunga raba ndani ya kalipa. Raba moja ya duara hukaa kwenye mfereji wake, inapakwa mafuta safi ya breki, kisha pistoni inasukumwa juu yake kwa vidole gumba. Ikienda upande tu, inakwama, unaanza upya. Vidole vyangu vimezoea wembe, vinajua kwenda taratibu. Mama mkwe alikuwa ananishikia kalipa isicheze.

Hapo ndipo aliponiambia, bila kuulizwa. Nyumba yake ina vyumba vitatu. Baba mkwe alipofariki alifunga kimoja. Mke wangu alipoolewa alifunga cha pili. Yeye hulala kwenye kile cha mbele, na redio huwa inawaka mchana kutwa hata akiwa haisikilizi, ili mtu akipita asikie kuna watu.

"Nilikuja hapa nikakuta mtoto anaongea toka asubuhi mpaka analala," akasema. "Nikasema, huyu nitaondoka naye."

Siku zote nilidhani anamchukua kwa sababu mimi sifai. Huenda sifai kweli. Lakini si hilo.

Nikasema, "Pole, Mama." Na yeye akasema, "Ingiza hiyo pistoni, inakauka."

Jumatatu, 14 Aprili

Kalipa zimepakwa rangi ya fedha. Chiriku alitaka ya waridi.

Ijumaa, 18 Aprili

Barabara imefunguliwa. Redioni wametangaza mara mbili, na mara zote mbili mama mkwe alikuwa amesimama karibu na redio.

Mabegi yako mlangoni. La Chiriku pia.

Jumamosi, 19 Aprili

Ilibaki kutoa upepo. Ukishafungua breki, hewa inaingia kwenye mabomba, na hewa haina nguvu, unakanyaga inanywea tu. Kwa hiyo mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine chini anafungua kijibolti, hewa inatoka pamoja na mafuta kupitia kimpira mpaka kwenye chupa, kijibolti kinafungwa, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia mapema, hewa inarudi.

Mimi nilikuwa chini, gurudumu la kulia. Mama mkwe kwenye kiti. Hatuonani. Mlango uko wazi, naona viatu vyangu vya mvua miguuni mwake, basi.

"Kanyaga, Mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Mapovu yakatoka, makubwa. Nikafunga. "Achia." Tena. "Kanyaga." Mapovu madogo. Chiriku alikuwa kibarazani anamwimbia mtu wimbo, sikujua nani, labda mwenyewe. Niliusikiliza. Nadhani ni mara ya kwanza kwa miezi kusikiliza alichokuwa anakisema badala ya kusikia tu kwamba yupo.

"Kanyaga, Mama."

"Nimekanyaga."

"Mama, mtoto sitaki aende."

Ilitoka hivyo tu. Spana ilikuwa mkononi, kijibolti kiko wazi, na yale mafuta yalikuwa yanashuka kwenye chupa. Nikakifunga. Viatu havikusogea.

"Aje likizo," nikasema. "Aje kila likizo, nitamleta mwenyewe. Lakini akae na mimi. Sijui nitamleaje. Sijui hata nikimsikia namsikia kweli au vipi. Ila sitaki aende, Mama."

Niliona mguu mmoja ukitetemeka kwa kukaza pedeli.

"Nimesikia," akasema mwishowe. "Niachie, au bado?"

"Achia, Mama."

Akaachia. Akapiga chafya, au kitu kama chafya. Tukaendelea. Tuliendelea mpaka mafuta yakatoka safi, bila povu hata moja, na pedeli ikawa ngumu chini ya mguu wake kama ukuta.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja mlangoni. Alifungua begi la Chiriku, akaanza kutoa sweta za baridi, sare ya shule, viatu vya shule. Alizirudisha kabatini moja moja. Akaacha nguo za likizo.

Jumapili, 20 Aprili

Nimelijaribu gari peke yangu. Nimeshuka mteremko wa nyuma ya soko, nimekanyaga. Limesimama palepale, halikuvuta kushoto wala kulia. Nimepanda tena, nimeshuka tena. Watu walinitazama.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimewapeleka. Safari nzima mama mkwe alikaa mbele, mkono mmoja kwenye dashibodi, na kila nilipokanyaga breki na yeye alikanyaga sakafu.

Nyumba yake ni kama alivyosema. Chiriku aliingia akafungua milango yote, hata ile miwili, hakuuliza. Mama mkwe alisimama ukumbini akiangalia vumbi likitoka. Nikangoja amkemee. Hakumkemea.

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alinitazama mimi, si kioo, si usukani.

"Ukifika piga simu," akasema. "Si kwa ajili ya mtoto. Nijue umefika."

Alhamisi, 24 Aprili

Nyumba kimya. Nimefua pazia.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda kumchukua Chiriku. Mvua zimekwisha, njia ni kavu. Mama mkwe alitupakia chakula cha kulisha kikosi. Hakulia, na mimi nilijifanya kutazama tairi nikampa nafasi ya kulia, hakulia. Alisimama getini mpaka tulipokata kona. Nilimwona kwenye kioo. Chumba kimoja ameniambia hatakifunga tena, kile cha Chiriku.

Njiani mtoto aliongea bila kumeza mate. Kuku wa jirani, redio ya bibi, bibi anavyokoroma na kukana. Nilikuwa namjibu. Nilisema "halafu?" na yeye akanigeukia mara moja kuhakikisha, kisha akaendelea.

Tulipovuka daraja akasema, "Bibi anasema Mama alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba vizuri?"

Sijazungumza habari za mke wangu na mtu yeyote tangu viti vile. Ningeweza kusema mm.

"Vibaya," nikasema. "Alikuwa anaimba vibaya sana. Akianza kuimba jikoni, mimi nilikuwa natoka nje. Ananifuata. Anasimama mlangoni na mwiko na kumalizia ubeti wote, kwa makusudi, akinitazama."

Chiriku akacheka. Na mimi nikacheka, na kicheko kikanikatikia katikati ya kifua. Nikakanyaga breki, nikaliweka gari pembeni, nikazima injini. Nikaweka paji la uso juu ya usukani, nikalia. Nililia kwa sauti, kwa makamasi, kama mtu asiyejua namna.

Chiriku alifungua chakula cha bibi yake, akala polepole, akangoja. Lori lilipita, likapiga honi. Baada ya muda aliweka mkono wenye mafuta mgongoni mwangu.

"Baba, umemaliza?"

"Bado," nikamwambia.